Shangazi, majibu yanasema nina X ya ziada, na mke wangu ndo anaitwa tasa

Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, fundi friji hapa Tanga, nimeoa huu mwaka wa sita na hatujapata mtoto. Mama na madada zangu wanamsema mke wangu ni tasa. Kapelekwa kwa waganga watatu, wa kwanza akasema ana mchango, wa pili akasema jini mahaba, wa tatu kampa mizizi ya kuchemsha na anainywa mpaka leo, kila asubuhi glasi moja kabla hajatia kitu mdomoni, na mwaka jana dawa mojawapo ilimtapisha mpaka akatundikiwa dripu. Shangazi, mimi nilipima kimya kimya. Hapa Tanga wakaniambia hakuna mbegu hata moja, nikarudia, jibu lile lile, nikapelekwa Dar damu ikapimwa kromosomu, karatasi ikaja imeandikwa 47,XXY. Daktari alinieleza harakaharaka nikaona aibu kuuliza. Karatasi iko kwenye boksi langu la spana mwezi wa 14 sasa. Mtandaoni nimesoma kuwa watu kama sisi ni huntha, si mwanaume kamili si mwanamke, kwamba nina kromosomu za kike, na kweli kifua changu kimejaa kidogo tangu shule, sijawahi kuvua shati ufukweni, ndevu zangu ni za kuhesabu. Sasa mama keshaniposea binti wa Muheza. Mke wangu mwenyewe juzi usiku kaniambia oa tu, mie nimeridhika, huku analia. Nafikiria nimpe talaka yake kwa heshima akatafute mume wa kumzalisha, bila kumwambia kitu. Mimi ni mwanaume au ni nini? Nifanyeje? — Nusu Mwanaume, Makorora

Marahaba mwanangu. Hilo jina ulilosaini hapo chini mie silitumii, ntakuita mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaenda kukuna nazi, nikarudi nikaisoma tena, maana ina mambo mawili na wewe umeyafunga furushi moja. Moja ni la mwili wako, hilo hukulitaka wala hukulifanya. La pili ni la hiyo karatasi kwenye boksi la spana, na hilo umelifanya wewe. Naanza na la mwili kwa sababu naona ndo linalokufunga mdomo, lakini ujue toka sasa kuwa ntafika na kwenye lile la pili na huko sitakupapasa.

Binadamu kwa kawaida ana kromosomu 46, yaani nyuzi ndogo ndani ya chembe za mwili zinazobeba urithi wa wazazi, na hazikai moja moja, zinakaa mbili mbili kama kanga, kwa hiyo hesabu doti 23. Doti 22 hazitofautishi mwanamke na mwanaume, ile ya 23 ndo yenye tofauti, mwanamke X na X, mwanaume X na Y. Sasa yai la mama au mbegu ya baba inapotengenezwa, kila doti inatakiwa ikatwe, kipande kimoja kiende huku na kingine kule, kama ufanyavyo kanga ukitoka nayo dukani, moja ya kujifunga moja ya kujitanda. Kwako doti ya mwisho haikukatwa, vipande viwili viliondoka pamoja, ukapata X, ukapata X nyingine, na ukapata Y. Ndo hiyo 47. Kwa watu wenye hali yako karibu nusu ilitokea upande wa mama na karibu nusu upande wa baba, ni bahati tu ya siku ile, si laana, si husuda, si kwamba mama yako alikatiza makaburini akiwa na mimba yako, na wala si kitu kinachotembea kwenye ukoo mkaanza kuwaangalia wajomba.

Unasema una kromosomu za kike. Mwanangu, X hata baba yako alikuwa nayo, kila mwanaume anayo na kaipata kwa mama yake. Kinachoanzisha mwili wa kiume ni kipande kidogo kilichopo kwenye Y, wataalamu wa London walikitambua mwaka 1990 wakakiita SRY, hicho ndicho kinachoamrisha korodani zijengwe mtoto akiwa na wiki chache tumboni. Y unayo na kazi yake ilifanya. Ile X ya ziada haikukugeuza mwanamke, ilichofanya ni kuzidhoofisha hizo korodani, zikabaki ndogo, zikatoa homoni pungufu na mbegu zikakatika.

Hata hicho kifua unachokifichia shati kina historia. Mwaka 1942 kule Boston daktari kijana Harry Klinefelter na wenzake waliandika habari za wanaume 9, wote vifua vimejaa, korodani ndogo, mbegu hakuna, na hali hii mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Hakujua sababu. Sababu waliipata Patricia Jacobs na John Strong huko Scotland mwaka 1959, walipohesabu kromosomu za mwanaume wa namna hiyo wakakuta X moja imezidi. Kwa hiyo kabla hujazaliwa kulikuwa na wanaume wanajifichia shati kama wewe, na wako wengi kuliko unavyodhani, inakadiriwa mtoto 1 katika kila watoto wa kiume 600 hivi. Chukua Ijumaa msikiti umejaa mpaka watu wanatandika mikeka barabarani, kama wako wanaume 600 pale basi kwa hesabu mmoja ana X kama yako, na pengine mwenyewe hana habari, maana hata Denmark wenye hospitali zao zote hizo walipochunguza waliona ni robo tu ya wenye hali hii wanaokuja kugundulika katika maisha yao. Wengi hugundulika kama wewe, kwa kutafuta mtoto.

Sasa neno huntha.

Hilo neno sisi wa mtaani tumelifanya tusi lakini kwenye vitabu vya fiqhi lina mlango wake, utalikuta kwenye mirathi, wanazuoni wamekaa chini wakapiga hesabu huntha arithi kiasi gani, na yule ambaye alama zake hazijabainika upande wowote wakamwita khuntha mushkil na wakamhesabia fungu lake pia. Hawakusema afichwe. Siku hizi utasikia pia watu wenye jinsi tata, na humo wamo wa namna nyingi, yuko binti aliyezaliwa na X moja tu, mfupi wa kimo na hajavunja ungo, na moyo wake unatakiwa uangaliwe na daktari, yuko mwanamke wa mwili na sura kabisa ambaye kromosomu zake ni XY lakini mwili hauisikii homoni ya kiume, wako watoto wanaozaliwa mkunga akashindwa aseme nini. Kenya kwa jirani zetu sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza wakapatikana watu 1,524, na sheria yao ya watoto ya 2022 ikawataja kwa jina. Hali yako wewe wako wanaoiingiza humo na wako wasioiingiza, na wenyewe wenye XXY hawajiiti jina moja, wengi wanasema sisi ni wanaume tu basi, wengine wanaona neno hilo linawafaa, wapo hata ambao moyoni hawajioni wanaume. Wewe umekua mvulana, umetiwa jandoni, unaswali safu ya wanaume, na barua yako yote imeandikwa na mtu anayejijua ni mume wa mtu. Basi ni mwanaume. Na kama kuna jingine moyoni hukuliandika, niandikie, sitakufukuza kwenye safu hii. Ila nakuomba kitu kimoja, usije ukatafuta amani yako kwa kusema alhamdulillahi mie si kama wale. Wale nao wana mama zao.

Kabla sijaingia kwa mkeo, nikupeleke kwa daktari, maana hiyo karatasi ulidhani inahusu mtoto tu. Homoni ya kiume ikiwa pungufu miaka mingi inakula mifupa, inaleta uchovu ambao unadhani ni kazi, inasogeza kisukari, na wenye XXY wana hatari zaidi ya damu kuganda kwenye mishipa na hata saratani ya ziwa kuliko wanaume wengine, si kwamba itakupata, ila ukisikia uvimbe kifuani usikae nao kwa aibu ya shati. Nenda hospitali ya rufaa Bombo na karatasi yako, omba upewe rufaa kwa daktari wa homoni, na safari hii uliza mpaka uelewe, hata ukiuliza mara nne. Kuna testosteroni, yaani hiyo homoni ya kiume, ya sindano au ya kupaka, inasaidia kweli kweli nguvu, mifupa na mhemko, lakini sikiliza hapa vizuri: hiyo testosteroni haileti mbegu, inazikausha zaidi, kwa hiyo kama mnataka kujaribu kutafuta mbegu zenu mwambie daktari kabla hujachomwa sindano ya kwanza. Na hizo dawa za nguvu za kiume zinazouzwa stendi uziache huko huko.

Maana kutafuta kupo. Ipo operesheni ambayo daktari anafungua korodani na kupekua kwa darubini sehemu moja moja akitafuta mbegu chache zilizojificha, na kwa wenye hali yako mabingwa huzipata kwa karibu nusu ya wanaowafanyia, kisha mbegu inaingizwa ndani ya yai maabara na mimba inapandikizwa. Watoto waliopatikana hivyo wengi wao kromosomu zao ni za kawaida. Ni gharama kubwa, na hata mbegu ikipatikana mimba inaweza isikamate, kwa hiyo usikimbilie kuuza kiwanja kabla hujakaa na daktari na mkeo mkapiga hesabu wote wawili. Nimesema na mkeo.

Haya. Mkeo.

Mwanangu, miezi 14. Kwa glasi moja kila asubuhi hizo ni glasi zaidi ya mia nne, na kila glasi ulikuwepo chumbani unamwona anavyokunja uso, na karatasi iko kwenye spana. Alipotundikiwa dripu ulikaa pembeni ya kitanda ukijua tumbo la yule mwanamke halina kosa lolote. Sikuandikii hivi kukutesa, naona kwenye barua umejitesa vya kutosha, nakuandikia kwa sababu umeniuliza wewe ni mwanaume au ni nini na lawama umeitupia X. X haijakufanyia ubaya wowote wa kulinganisha na huo ukimya.

Mie nimekulia Ngamiani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwepo mzee muuza samaki, alikaa na mke wa kwanza miaka minane akamwacha kwa kuwa hazai. Yule mama akarudi kwao Pangani, akaolewa, akazaa wanne. Mzee akaoa wa pili, akaoa wa tatu, wote wakaitwa tasa. Watu wazima wa mtaa walijua, mama yangu alijua, hakuna aliyefungua mdomo, na mzee kafa hajapima. Sura yake imeshanipotea lakini yule mke wa kwanza namkumbuka siku anaondoka, alikuwa anagawa vyombo, sisi akatupa mbuzi yake ya kukunia nazi, na tulikaa juu ya ile mbuzi miaka na miaka na hakuna siku mama aliitaja jina la mwenyewe. Ndo maana nilipoisoma barua yako nazi ilinishinda.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema mtu 1 kati ya 6 anapitia shida ya kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake, na madaktari wanasema mwanaume anahusika kwenye karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo, peke yake au pamoja na mke. Lakini Tanga nzima hii nitajie mwanaume mmoja aliyepelekwa kwa mganga kunywa mizizi ya uzazi. Mwisho mwisho wa Surat Shura Mwenyezi Mungu anasema humpa amtakaye mabinti, humpa amtakaye wavulana, na humfanya amtakaye kuwa tasa. Hakusema mwanamke. Amtakaye.

Talaka ya heshima unayoifikiria, heshima yake iko wapi? Atarudi kwao na jina la utasa ambalo si lake, na kila atakayekuja kumposa ataambiwa yule kaachwa hazai, wewe huku umejiona umemfanyia hisani. Na tena unamwamulia. Huyu mtu labda akijua atasema nabaki, watoto Mungu anajua, labda atasema mie nataka kuzaa naomba niende, na akisema hivyo dini inampa mlango, kadhi yupo, na wewe hutakiwi kumkasirikia hata dakika moja. Lakini achague kwa kujua, mwanangu, asichague gizani kama alivyochagua juzi usiku akilia.

Na binti wa Muheza umemtaja mstari mmoja kama kitanda cha kununua. Yule miaka mitatu mbele atakuwa kwa mganga huyo huyo na glasi hiyo hiyo. Posa uisimamishe wiki hii, mtume mshenga arudi kwa wazee wake aombe radhi kiungwana, na kama kuna chochote kimetolewa msikidai. Husemi kwa nini. Unasema mimi nimeghairi, kosa si la binti.

Kumwambia mkeo. Usimwandikie meseji, na usimwambie siku dada zako wako sebuleni. Mchukue jioni mwende Raskazone mkae ukutani mkitazama bahari watu wakipungua, au chumbani mlango umefungwa na simu zimezimwa. Anza na kosa, usianze na hali yako. Hili nimelifikiria sana, ukianza na kromosomu na kifua na aibu yako atakuonea huruma kabla hajapata nafasi ya kukukasirikia, na hasira ni haki yake, utakuwa umemnyang'anya na hiyo. Mwambie hivi, mke wangu nimejua mwezi wa 14 sasa kuwa tatizo la mtoto liko kwangu na nikakuacha unywe dawa, nikakuacha usemwe. Halafu nyamaza. Akilia nyamaza, akikutukana nyamaza, akiondoka kwenda kwao siku mbili tatu mwache aende na umpe nauli. Akiuliza, hapo ndo unatoa karatasi, unamweleza hiyo habari ya doti kama nilivyokueleza, na unamwambia twende wote kwa daktari. Na yeye apimwe figo na ini, mizizi ya mwaka mzima si maji ya dafu.

Kwa mama yako usiende mpaka mkeo akubali, maana sasa siri ni yenu wawili na yeye ana kauli humo. Akikubali, mama haelezwi kromosomu wala XXY wala kifua, mwili wako ni wako na huna deni la kumweleza kila mtu. Unamwambia maneno machache tu, mama, tumepima, tatizo liko kwangu, mke wangu hana kasoro, na kuanzia leo sitaki asemwe. Umwambie mbele ya hao dada zako, kwa sababu mbele yao ndo alipokuwa anasemwa. Mama atalia, atasema umerogwa, atakwambia mkeo ndo kakupa maneno hayo. Rudia yale yale bila kupandisha sauti. Wewe ni mtoto wake wa kiume, atakusikia kuliko atakavyowahi kumsikia mkwe.

Habari ya kulea mtoto msiifungie mlango, kwetu pwani watoto wa ndugu wamelelewa na shangazi na mama wakubwa toka zamani, na ofisi za ustawi wa jamii zinao utaratibu chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Lakini hilo liwe baadaye, akishapoa, na likianza lianze kwake. Usimpelekee mtoto wa kumbembelezea.

Hiyo mizizi iliyobaki ndani, usiimwage wewe kimya kimya usiku kama ulivyoficha karatasi. Ukishamwambia, ichukue umkabidhi mkononi, aimwage mwenyewe anapotaka. Kama unaweza kumwambia leo kabla hajalala, mwambie leo, ili kesho asubuhi anywe chai.